Mnazi Uliofukiwa Nyuma ya Jiko

Kisiwani Chula, Jumamosi. Upepo tangu alfajiri, mchanga mpaka kwenye chai.

Kwa masikitiko makubwa, natangaza kuwa mlango wa nyuma wa jiko letu umestaafu. Haufunguki. Tuta la mchanga limeuegemea kwa nje kama mgeni asiyeaga.

Dada yangu ametutengea chumba Kismayo. Mimi nimeshafungasha mara nyingi, moyoni. Mama hataki. Asema mchanga huu aliukuta, hauna haraka, na nyumba haihamwi kwa ajili ya vumbi. Kumwacha peke yake siwezi.

Basi nakaa. Mama kanishika mimi, mchanga umetushika sote.

Juzi nimesoma kwenye simu jinsi wataalamu wanavyojua barafu ya milima mirefu iliteremka lini zamani. Barafu niijuayo mimi ni ya kuwekea samaki. Kumbe ile ya mlimani hutambaa, ikafukia miti iliyo njiani. Wao huchimba, wakipata gogo chini yake hupima umri wake. Hapo hujua barafu ilifika baada ya mti ule kuota, si kabla.

Nikaona hii ndiyo kesi yangu na mama.

Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa na mnazi hupandwa juu yake. Wangu, nimeambiwa tangu utotoni, ulipandwa nyuma ya jiko. Mimi ni mtoto wa mwaka ule watu walipokimbia vita. Nikiupata mnazi wangu chini ya tuta, basi mchanga wote huu umekuja ndani ya umri wangu. Hapo si vumbi tena, na mama itabidi afungashe.

Leo nimechimba. Jirani yetu Shee akapita na wavu begani.

"Kisima au kaburi?"

"Natafuta mnazi."

"Minazi watu huangua juu, wewe mchu mzima wachimba chini."

Karibu na adhuhuri jembe likagonga kisiki. Kimeoza ubavu mmoja, mizizi bado imeshika udongo mweusi wa zamani. Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu aliyethibitisha kwamba nyumba yao inazama.

Nikamwita mama. Akaja na upawa mkononi, akainama, akatazama kitambo.

"Huu si wako, mwanangu. Wako uliliwa na mbuzi ukingali mche. Huu ni wangu. Babu yako aliukata mimi bado mdogo."

Mama naye alizaliwa nyumba hii. Kwa hiyo mchanga umekuja baada yake. Labda tangu utoto wake, labda jana. Kisiki hakisemi zaidi ya hapo.

Sikukata tamaa. Nikasema tuhesabu tangu alipozaliwa, tuligawe tuta kwa miaka yake, angalau tujue limebakiza muda gani kufika kitandani kwake. Akakubali. Akasema hesabu ikitoka mbaya, atahama.

Nikamuuliza alizaliwa mwaka gani.

Hajui.