Bia ya Karanga Iliyomvimbisha Wifi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na mume wangu ni fundi friji ambaye tangu ajifunze kutengeneza bia bafu letu limekuwa kiwanda, tunaoga tukiruka ndoo, nami nikavumilia, hata alipoamua bia yake itiwe karanga, akawa anazikaanga, anazisaga kwenye blenda yangu, anazikamua mafuta eti yanaua povu, tena akazikamulia kwenye bitana ya gauni la mteja, mshauri, nikashona nyingine! Sasa juzi alikuja wifi yangu, ambaye ukoo mzima unajua karanga ni sumu kwake, mume wangu akammiminia glasi mimi nikiwa jikoni, bila kusema kilichomo, maana anapenda watu waonje kwanza ndipo wakisie, tena aliamini karanga zikishakamuliwa mafuta hazidhuru, na glasi haijafika nusu midomo ikavimba, akahema kama anakabwa, tukamkimbiza hospitali, akachomwa sindano, namshukuru Mungu akapata nafuu.

Pale kitandani akauliza, "Nani kanilisha karanga?"

Mume wangu akasema, "Labda mwiko wa huyu mke wangu ulikuwa na karanga."

Mimi! Nilipombana nyumbani akajibu, "Nivumilie, mama. Wakijua ni bia yangu watanicheka." Sasa wifi hapokei simu zangu, mama mkwe anasema nilitaka kumuua mwanawe, na mume wangu ameshajaza chupa nyingine za sherehe ya kustaafu kwa baba yake Jumamosi hii, na wifi atakuwepo. Nikisema, nitamvua nguo mume wangu mbele ya wazazi wake. Nifanyeje?

Mwenye Mwiko

JIBU

Dada yangu, pole. Nimekuonea huruma mpaka nilipofika kwenye Jumamosi, hapo nikakasirika, na si kwa mumeo peke yake. Unajua chupa zina nini, unajua nani atakuwepo, halafu unaniuliza mimi? Mtu nusura afe, wewe unalinda heshima ya ndoo!

Kukamua mafuta kunasaidia povu, hakumsaidii wifi yako. Karanga ni karanga hata ikisagwa, ikichujwa na kuitwa bia.

Leo hii nenda kwake. Usipige simu, ameshakuonyesha hapokei. Mwambie mumeo unakwenda. Akitaka kusema mwenyewe, msubiri avae viatu, basi. Asipotaka, sema wewe mlangoni, hata usipokaribishwa: "Wifi, ilikuwa ile bia, ina karanga, na Jumamosi zitakuja chupa nyingine." Akifoka, mwache afoke. Kisha mama mkwe naye asikie hayo hayo.

Chupa hizo zibaki nyumbani. Baba mkwe astaafu kwa soda.

Nawe fundi friji, najua utasomewa haya: umemtwika mkeo kosa lako huku dada yako akiwa amelala na sindano mkononi. Omba radhi kwa wote wawili, kwa sauti. Na ukipika tena, andika KARANGA kwenye kila chupa. Bia ikiwa nzuri, watu watainywa wakijua kilichomo.