Sare ya Arusi ya Sagesse

Noella, uko? Nimetoka sasa hivi kwa arusi ya Sagesse.

Unakumbuka nilikuambia natafuta kikwembe cha kazi? Cha kufunga juu ya suruali nikitoa matumbo ya samaki, kinachofuliwa kila siku bila kuchuja. Juzi nilipata kimoja kule mtaa wa Alum Rock, bei ya chini kabisa dukani. Cha bluu, chenye ndege wa njano.

Leo waliniita nisaidie kuosha masufuria ya arusi. Nikakifunga. Naingia jikoni, bamama wote wameshona kitambaa kilekile. Bluu, ndege wa njano. Wote, Noella.

Maman Henriette, shangazi yake Sagesse, akaniuliza, "Nani alikupa sare yetu?"

Nikasema, "Nilikinunua cha kazi, maman. Cha samaki."

"Cha samaki," akarudia. Wengine wakacheka. "Basi kitoe. Mpiga picha atafikiri uko wa familia."

Atafikiri uko wa familia. Alisema hivyo.

Sagesse alikuwa pale mlangoni na shela yake. Alisikia yote. Akatazama kucha zake.

Sare waliichagua tangu mwezi wa tano. Miezi yote hiyo hakuniambia kitu. Mimi niliyelala naye mkeka mmoja kambi ya wakimbizi miaka minne.

Nikakifungua, nikaosha masufuria yote mpaka la mwisho. Saa hii niko ndani ya basi, suruali imelowa mpaka magotini.

Noella, siku ukiolewa wewe, utaniambia sare?