Kumbikumbi Juu ya Theluji ya Pamba

Mama,

Ulipokuwa kitandani uliniomba kitu kimoja tu, nisiache kuomba. Nikaitikia. Tangu tukuzike nyumbani sijamwambia Mungu hata neno. Nakuambia mimi mwenyewe, maana Nekesa angekuambia vibaya.

Yeye ndiye aliyenivuta kanisani kwao Kabiro, ibada ya jioni, Jumapili ya pili ya Majilio. Unamjua dada tangu ahamie Kawangware: siku hizi Soweto West ninakoishi anaiita "huko chini". Na choo wanashiriki ploti nzima.

Mama, wameweka theluji. Pamba ya hospitali, wameitandaza juu ya miti ya plastiki iliyotoka soko la Toi, na mama mmoja wa kamati alikuwa akiivutavuta ili ifure vizuri. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona theluji. Nje ya dirisha kuna mparachichi umebeba mpaka matawi yanagusa mabati, lakini huo haukutosha kuwa pambo. Nilitaka kucheka, nikakumbuka sina wa kucheka naye.

Mchungaji akahubiri juu ya kungoja. Tungoje kwa subira, tungoje hata gizani. Mvua ikaja, stima ikapotea, na yeye akawa wa kwanza kufoka: "Jenereta iko wapi? Nani ako na funguo?" Huyo ndiye mwalimu wetu wa kungoja gizani.

Jenereta ikawashwa. Mvua ilipokatika, kumbikumbi wakatoka. Waliingia madirishani wakifuata taa, wakatua juu ya ile theluji, juu ya Biblia, juu ya kipara cha mchungaji. "Pulizeni dawa," akawaambia mashemasi, "hawa wadudu wanaharibu ibada." Nikawatazama waumini wakijipangusa kwa kinyaa. Nusu yao wametoka kwetu magharibi, wamekuzwa kwa kumbikumbi. Kinyaa gani? Walikuwa wanameza mate.

Nikachukua beseni lililokuwa limekingwa paa linapovuja, lina maji tayari, nikaenda kuliweka chini ya taa ya geti ili waangukie majini, kama ulivyokuwa ukifanya. Nekesa akanifuata mbio.

"Wewe Nafula, rudisha beseni ya watu. Unataka waseme tumetoka wapi?"

"Watasema Bungoma. Wamekosea wapi?"

Akasimama hapo amekunja mikono. Baadaye kidogo nikamwona ananyakua mmoja, anamtoa mabawa, anamtia mdomoni upesi, kisha anatazama nyuma.

Nilikukumbuka na fimbo zako mbili, ukipiga juu ya kichuguu ili wadhani ni mvua. "Piga polepole," ulikuwa ukiniambia. "Hawa si wajinga. Wanajua mvua na wanajua mtu." Miezi yote hii walikuwa chini ya simiti ya kanisa lile, hakuna aliyewahubiria, hakuna aliyewawashia mshumaa. Siku yao ilipofika wakatafuta ufa, wakatoka. Sijui kwa nini hilo liliniingia na mahubiri hayakuniingia. Lakini liliniingia, Mama, mpaka nikashindwa kuona beseni vizuri.

Nyumbani niliwakaanga bila mafuta, na chumvi kidogo. Nikasonga ugali. Sahani ilipokuwa mbele yangu, mkono ukasita. Nikasema, "Asante kwa hawa." Basi. Habari zako sikuzigusa, maana bado nimemkasirikia Mungu, na nadhani anajua.

Nekesa nimemwekea sehemu yake kwenye kopo. Ametuma ujumbe kwamba atapita kuichukua giza likiingia, na nisimpe mbele ya majirani.

Kanisa lile sirudi. Theluji yao waifute vumbi wenyewe. Ila kabla ya kila chakula nitamwambia Mungu neno moja, hata siku ambayo neno nililonalo si zuri. Ulipokuwa kitandani niliitikia haraka ili upumzike. Leo naahidi nikiwa nimeshiba na nimekaa.

Pumzika, Mama. Mchanga wa kwetu ukulaze vizuri.

Mwanao,
Nafula