Uvimbe Ambao Sikuupeleka Maabara

S.L.P. 318,
Ho.
5 Juni 2019

Mpendwa mpwa wangu Sitsofe,

Hujambo huko Tamale? Wajukuu zangu wazima? Mimi moyo umechoka na miguu imejaa maji, ila mkono bado unashika kalamu.

Uliniambia kwenye simu, "Mjomba, ni faibroidi tu, Jumanne wanaitoa, usinipe presha." Una miaka hamsini na sita, na hedhi ilikoma zamani. Faibroidi, vile vivimbe vya kawaida vya mfuko wa uzazi, husinyaa katika umri huo. Yako imekua ndani ya miezi mitano. Huenda si kitu. Lakini lazima nikueleze la mama yako.

Hospitali yetu ilikuwa na daktari mmoja tu, kwa hiyo ni mimi niliyempasua Enyonam, dada yangu, mwaka 1971. Nilitoa vivimbe kumi na kimoja, vikatiwa kwenye ndoo jamaa wavione, kama tulivyozoea. Bibi yako Abra, mama mkwe wa Enyonam, alicheka. "Dakta, timu nzima ya mpira. Mjukuu wangu wa pili angekaa wapi?" Akaomba akavizike uani kwake. Nikampa.

Kimoja hakikufanana na vingine. Faibroidi ni ngumu, huteleza chini ya kisu. Hicho kilikuwa laini kama nyama ya samaki, kimevilia damu. Nilikiona, Sitsofe. Kilipaswa kwenda Accra kuchunguzwa kwa hadubini, maana kuna saratani adimu ambayo hujificha kati ya faibroidi, na macho hayatoshi kuitambua. Nikajiambia nimeshapasua mamia, nikakiacha ndooni.

Mwaka haukuisha, saratani ikamtokea mapafuni, ikamuua. Watu wakasema Abra aliifanyia ndoo ile uchawi. Alitengwa mpaka kufa, nawe hukwenda kumzika. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Mwambie daktari wako asiukatekate uvimbe ndani ya tumbo. Kama ni saratani, itasambaa. Na wote uende maabara, jamaa wasipewe hata kipande. Akikuona msumbufu, mpe namba yangu.

Nisalimie mumeo Elikem na wanao. Mawu, Mungu wetu, aiongoze mikono itakayokushika.

Najua utanikasirikia, na ni haki yako. Nakuomba tu hasira hiyo ingoje mpaka Jumatano. Jumanne uwe na nguvu za kubishana na daktari.

Mjomba wako akupendaye, na aliyekukosea,
Worlanyo