Walicheka Zamu Yako Ilipofika

Mpendwa mke mwenzangu Zawadi,

Bado nakuita hivyo, ingawa hatukuwahi kuwa na mume mmoja ila kwenye televisheni. Hapa Gisenyi wachache wanalijua jina langu. Nikienda sokoni kununua viazi vya Mudende, wauzaji wananiita mke mdogo, kisha wanauliza, "Na mukubwa iko wapi?" Siku nyingine nawaambia ulifariki. Siku nyingine nachoka, nasema uko nyumbani.

Unakumbuka tulivyorekodi kipindi cha kwanza sebuleni kwa shangazi yako? Mvua ikipiga bati tulikuwa tunasubiri, nawe unanisuka. Niliposahau maneno ukaninong'oneza, "We anza tu, mi niko." Nikaanza, ukajibu jambo ambalo halikuandikwa popote, mpiga picha akacheka hadi kamera ikatikisika. Ndivyo tulivyowachekesha watu miaka yote ile: mimi naanza, wewe unajibu.

Basi tumepata tuzo, Zawadi. Tuzo ya komedi ya zamani iliyopendwa kuliko zote. Waliniita Kigali, nikavaa kile kitenge ulichosema kinaninenepesha. Nilipopanda jukwaani mshereheshaji akasema, "Mama, tupe kidogo ule ugomvi wa chai."

Sikujua nikatae vipi. Nikashika kiuno, nikasema, "Mukubwa, nani alitia chumvi ndani ya chai yangu?" Halafu nikanyamaza, maana hapo ni zamu yako. Nikageukia upande wako. Hapakuwa na mtu. Nikajaribu kukumbuka ulikuwa unajibu nini, nikakuta silijui jibu lenyewe. Kila mara ulijibu tofauti.

Ukumbi ukaangua kicheko. Walidhani naigiza. Kadiri nilivyosimama kimya ndivyo walivyozidi kucheka, na machozi yaliponitoka wakainuka wote, wakapiga makofi.

Tuzo niliwaachia wanao. Wameiweka kwenye kabati la vyombo, juu ya sahani za wageni. Mdogo wao akaniuliza kama mama aliiona.

Niliporudi nyumbani, jirani yangu fundi cherehani alikuwa amekaa mlangoni pake. Akanisimamisha.

"Bon, jana kwa televisheni ulituua na ile kimya. Fanya tena kidogo."

Nikafungua mdomo nimweleze. Akaanza kucheka kabla sijasema neno.

Pumzika, mkubwa wangu. Mimi huku sijui niongee na nani.

Mke mdogo