Kitambaa cha Beberu

Shamba la Pascoe,
Bonde la Huon,
Tasmania.
9 Mei, 1994

Mpendwa Bronwen, mpwa wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mumeo Graeme na watoto, na kwamba mvua za huko Darwin zimekwisha na nguo zinakauka kambani. Kikohozi cha Marnie kimepona? Mimi nipo. Miguu imevimba tena, na nikilala chali pumzi inakata, kwa hiyo nalala nimeketi jikoni karibu na jiko la kuni. Chakula kinapita. Ya afya yatoshe.

Huku majani yanapukutika. Matofaa ya mwisho yameanguka yakachacha, na mbuzi huyaokota mpaka wanapepesuka. Ukungu hauondoki bondeni hadi saa nne. Kwato zimekuwa laini kwa unyevu na zinahitaji kukatwa, lakini mimi nikiinama siinuki.

Naamka gizani kwa sababu Tamar, yule jike mkubwa wa kijivu, huanza kuita. Nikichelewa anagonga lango kwa pembe. Nakamua, nagawa nyasi kavu, nabeba maji nusu ndoo, nusu ndoo, kisha naketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka moyo utulie. Nikimaliza ni wakati wa kuanza tena. Sikumbuki mara ya mwisho nilipolala nje ya shamba hili. Anayepita barabarani husema mzee Wilfred anafuga mbuzi. Ukweli ni kwamba wao ndio wanaonifuga.

Sasa nikuambie nililokuficha. Wakati wa Pasaka tulikubaliana kwa simu kwamba mwaka huu majike wasipandwe, niwakaushe maziwa, Daphne wa jirani awachukue kabla ya baridi kuingia, nami nihamie kile chumba ulichonitafutia katika nyumba ya wazee mjini. Tangu hapo kila ulipopiga nilikujibu kwamba mambo yanakwenda. Hayakwenda.

Unaikumbuka ile chupa ya jamu iliyokuwa rafuni bandani, yenye kitambaa ndani? Ulipokuwa mdogo uliifungua ukatapika. Kila mwaka majira haya marehemu mke wangu Hester alikisugua kitambaa hicho kichwani mwa beberu, akakifungia humo, kisha akamnusisha jike mmoja mmoja. Atikisaye mkia siku yake ya kupandwa imefika. Mwaka huu niliishusha chupa ili nikaitupe shimoni. Njiani Tamar akanifuata, akasukuma pua yake mkononi mwangu, mkia ukaanza kutikisika. Mchana kutwa alisimama kwenye uzio wa Kanali, beberu wetu, akilia.

Wiki hiyo daktari alikuwa ameniambia moyo huu hautafika majira ya machipuko. Sikukuambia hilo pia. Nikawaza kwamba wasipopandwa, ng'ambo ya baridi hii hakutakuwa na kitu chochote kinachonisubiri, hata mwanambuzi. Na nilijua Daphne hatawataka wakiwa na mimba, maana ana beberu wake mweupe, na majike wake huzaa kwa pamoja ili apate maziwa ya jibini; mimba za Kanali zingemvurugia mpango huo. Yote mawili niliyajua, Bronwen. Nikafungua lango la Kanali. Na si kwa Tamar tu. Kila aliyetikisa mkia nilimpeleka.

Jumanne niliteleza bandani. Nililala kati ya miguu ya mbuzi, ndoo imemwagika, nikijaribu kugeuka kama kobe. Mbuzi walinitazama, wakarudi kwenye nyasi zao. Sijui nilikaa muda gani hadi Daphne alipofika kuleta mkate.

"Mwalimu, umelala?"

"Napumzika."

"Kwenye mavi?"

"Palikuwa karibu."

Akanishika kwapani aninyanyue, kisha akasita na kunusa. Unajua nilimfundisha jiografia tangu akiwa na meno mawili ya mbele pungufu.

"Mwalimu, unanuka beberu."

"Nimepita karibu na banda lake."

"Kupita? Wewe umemkumbatia." Akatazama rafuni, akaiona chupa haina kifuniko. "Wangapi?"

"Wote sita."

Aliniketisha kwenye marobota ya nyasi, naye akaketi kwenye ndoo yangu. "Ulinifundisha mito ya dunia nzima," akasema. "Hukunifundisha pa kuweka mimba sita za Kanali."

Nikamwomba radhi. Akamkuna Tamar shingoni, kisha akasema, "Nitawachukua. Na huyo mnukaji wako pia. Lakini hawatoki hapa kabla yako, Mwalimu. Wewe kwanza, wao baadaye. Nikiwatanguliza wao, nakujua, utanunua ng'ombe."

Basi kisingizio changu cha mwisho kimeniponyoka. Chumba kinanisubiri hadi mwisho wa mwezi huu. Sanduku la nguo nimelifunga tangu Jumatano, liko mezani, na kila asubuhi nalifungua kutoa soksi. Kukaa siwezi. Kutoka siwezi.

Njoo unitoe. Usipige simu, kwenye simu nitakudanganya tena. Nikisema subiri wiki moja, usisubiri. Nikijishikilia langoni, mwite Daphne, mikono yake ina nguvu. Na Tamar atakapozaa, nenda kwa Daphne ukawepo. Huchagua siku ya mvua, na wa kwanza huchelewa kuvuta pumzi. Mtekenye puani kwa unyasi mkavu hadi apige chafya. Usiogope, atapiga.

Nisalimie Graeme, na Marnie, na Lachlan anayependa kufungua vitu. Mwambie nimemwekea kengele ya shingoni ya Tamar. Mungu awafunike, na awape njia kavu mtakapokuja.

Nimenawa kwa sabuni na limau kabla ya kushika kalamu, lakini haikusaidia. Watoto wakilalamika, iweke barua nje. Ila wewe inuse kwanza, ujue kwamba safari hii nimesema kweli.

Mjomba wako, anayekupenda hata anapokudanganya,

Wilfred