Kipande cha Kwanza cha Mama Kwamboka

Mwalimu wangu,

Sanduku la kaseti lipo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama tulikuzika vizuri. Halikutupwa, halikugawiwa, na panya hawajalifikia. Nimepumua. Miezi minane nimeishi na ile ahadi uliyonibana nayo hospitalini, ukiwa umenishika mkono: "Kerubo, usikubali mke wangu atupe muziki wangu."

Baada ya matanga, mkeo Mama Kwamboka aliniambia anakitaka kile chumba chako kidogo cha nyuma aweke mahindi. Nikamwomba asikilize kwanza, mara moja tu, ndipo aamue. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa anywe dawa ya ng'ombe, lakini akakubali.

Basi nikafanya kosa lako lile lile. Hulijui, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukuambia. Kila mgeni aliyetaka kuonja muziki huo wa wazungu wa kale ulimkalisha kwenye kiti cha mbao, ukamwekea simfoni nzima, saa moja na ushee, na ukamkataza kukohoa. "Akishindwa na hii, hizo nyingine za nini?" Mimi niliponea kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wako na nilikuogopa. Wenzangu wa kwaya uliwapoteza wote. Na mkeo ulimpoteza mwaka ule mlipooana: aliinuka katikati kwenda kuangalia chungu, nawe hukumwita tena. Amenisimulia mwenyewe. Tangu siku hiyo ukawa unajifungia na muziki wako kwenye kile chumba cha nyuma.

Nami nikamwekea simfoni ile ile. Nikajitia kumfafanulia fidla na tarumbeta, nani anamjibu nani. Hata dakika kumi hazijaisha akauliza lile swali lililokuwa likikuudhi: "Sasa hiyo inasema nini?" Unajua sisi Wasabato wimbo kwetu ni maneno, usipoyasikia, utajuaje anasifiwa nani? Nikamjibu kwa ukali, kama wewe. Akaenda zake kukama. Nilirudi kwangu Magwagwa nikiwa na hakika kwamba mahindi yameshinda.

Jumapili iliyofuata nilimkuta jikoni, ametoka sokoni Nyaramba, anachambua mboga ya chinsaga. Nikaketi tukachambua pamoja. Kazi hiyo unaijua, jani moja moja, mikono inashughulika na masikio hayana la kufanya. Nikaweka redio yako ya kaseti juu ya gunia na kuchagua kile kipande kifupi cha piano peke yake, dakika tatu tu, ambacho ulikuwa ukisema ni cha watoto. Sikueleza chochote. Alipouliza kinasema nini, nikamrudishia swali: "Wewe unasikia kinasema nini, Mama?"

Vidole vyake viliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Huyo ametoka nje, anaangalia barabara. Hajui kama mtu wake atakuja."

Akaniambia nirudishe mwanzo. Tulikisikiliza mara tano, Mwalimu. Chinsaga ilikwisha na hakuna aliyeinuka. Nililia, na wala sikuona haya.

Sasa ungemwona ungecheka. Nimemrekodia vipande kadhaa kwenye simu, vyote vifupi, na pale kituo cha kununulia chai, wenzake wakilalamika kwamba lori limechelewa, yeye ameziba masikio kwa visikizi vya simu na kufumba macho. Juzi alimpa jirani yake sikio moja. Akamwambia asitafute maneno, aseme tu anachokiona. Jirani akasema anaona ng'ombe wanarudi nyumbani. Wakabishana mpaka chai ikapimwa. Mahindi nayo yako sebuleni, wageni wanapita upande upande.

Kuna jambo moja nimelibakiza, maana linanishinda kuandika. Wiki iliyopita nilimkuta ameketi chumbani mwako, kwenye kile kiti, piano inacheza. Aliniambia kwamba miaka hiyo yote alidhani unajifungia ili usimwone uso. Aliamini aliolewa na mtu aliyemchoka mapema, akanyamaza, akakupikia. Nilikukasirikia, Mwalimu. Nilikukasirikia sana, nikiwa nimesimama pale mlangoni. Lakini yeye hakuwa na hasira. Alikuwa ametulia kama mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe alikuwa anasikiliza tu," alisema. "Hakuwa ananikimbia."

Pumzika sasa. Ulilonituma limekwisha, na lile ulilopaswa kumwambia mwenyewe ameliona bila wewe. Nakuahidi nitakuwa nikienda kwake kila Jumapili, na yeye ndiye atakayechagua tusikilize nini.

Mwanafunzi wako,
Kerubo